Alama ya Thelathini na Nane

Mwalimu Badi alizikwa Jumanne baada ya alasiri, na hitima yake ikasomwa siku ya tatu. Sikulia wala sikujifanya kulia. Nilikwenda kwa sababu mtu wa Mji wa Kale haachi hitima ya jirani, na pia kwa sababu katika lile kundi letu la simu la wanafunzi wa zamani palitokea ujumbe mfupi: "Nami nitashuka. Mutinda." Miaka arobaini na zaidi sikuwa nimemtia machoni. Nilikuwa dukani Biashara Street, nakunja leso jozi kwa jozi, na nilipolisoma jina lile nikailaza simu kifudifudi juu ya kitambaa, nikakaa hivyo mpaka mteja akaniuliza kama nauza au nimekuja kupumzika.

Alifika asubuhi kwa basi la bara, akateremka Mwembe Tayari, akaja kwa miguu, akiuliza nyumba mlango hadi mlango. Nilimjua kabla hajavua viatu. Mvi zimemjaa, tumbo limetangulia, lakini ile shingo ya kuinama kidogo upande ni yake. "Swaleh," akaniambia, "u mzima?" Nikamwambia mzima, karibu, pole na safari. Tukakaa sinia moja, watu wanne: yeye, mimi, Mzee Abeid ndugu wa marehemu, na mkwe wa marehemu. Chumba kilikuwa kirefu, mikeka imetandikwa ukuta hadi ukuta, na nyuma yetu wanaume walikuwa wanamsifu maiti. "Yule ndiye mwalimu, si hawa wa leo." "Alinyosha watu." "Mimi kanipiga mpaka nikachoka, na leo niko hapa, nina wajukuu." Pilau ikaja, ya mbuzi, na kachumbari na ndizi mbivu. Tukanawa. Mutinda akatia mkono wa kushoto kwenye wali.

Mzee Abeid akakohoa kidogo. "Mgeni, niwie radhi. Huku kwetu twala kwa mkono wa kulia." Alisema kwa upole, sikatai, lakini sinia mbili za karibu zilisikia na watu wakageuka. "Najua, mzee," Mutinda akajibu. Akautoa mkono kwenye wali, akaufuta kwa kitambaa, akabaki ameketi akiiangalia nyama. Mkono wake wa kulia alikuwa ameulaza pajani. Kidole kidogo na kile cha pete vilikuwa vimenyooka wima, havikunjiki. Katika chumba kile chote, nilidhani, mtu mmoja tu ndiye aliyejua habari yote ya vidole vile, na mtu huyo ni mimi, na alikuwa anakula.

Kwa hiyo nitauelezea ule mwaka, na sitaurembesha. Kidato cha pili. Darasa letu lilikuwa ghorofani, madirisha juu mno, hata ukisimama huoni ila bati na kunguru. Sakafu ya mbao ililia kila mtu alipopita, na kona ya mlangoni palikuwa na ndoo ya maji ya chumvi. Ndani ya ndoo, fimbo nne za henzerani. Mwalimu Badi aliziloweka ili zisivunjike upesi. Alikuwa mtu mfupi, msafi, shati limepigwa pasi likasimama, na hakuwa na hasira hata siku moja. Hilo ndilo lililotutisha. Baba akikupiga kwa hasira wajua hasira itakwisha. Huyu alipiga kama mtu anayepigilia misumari, na akimaliza anakushukuru.

Somo lake lilikuwa nambari. "Kila nambari ina watu ndani yake," alikuwa akitwambia. "Bisheni hodi kwa kumi na mbili: mna mbili, mna tatu, mna nne, mna sita. Nyumba imejaa. Lakini nambari tasa, ukibisha hodi, ndani hamna mtu ila yeye mwenyewe na moja." Kisha akaweka sheria yake, ambayo sijapata kusikia ya mwingine mfano wake. Kila Alhamisi tulifanya jaribio la maswali hamsini, alama moja kwa swali. Na kila Alhamisi kila mtu alipigwa, mwerevu na mjinga. Idadi ya viboko ilikuwa kile kigawo kidogo kabisa cha alama zako, ukiacha moja. Ukipata thelathini na tano, vitano. Arobaini na tisa, saba. Ukipata nambari shufwa yoyote, hata hamsini zote, viwili. Ukipata tasa, basi idadi ni hiyo hiyo tasa. Kijana aliyetoka na sufuri alipigwa viwili, kwani sufuri yagawika kwa mbili kama kawaida, na aliyehangaika akapata kumi na tatu alipigwa kumi na tatu. Mmoja wetu alithubutu kumwambia huo ni uonevu. "Si mimi," Mwalimu akamjibu. "Ni nambari. Kamlalamikie kumi na tatu."

Basi tulijifunza. Wallahi sijaona watoto wanaojua nambari tasa kama sisi. Wiki mbili tu, tulikuwa nazo hadi hamsini vichwani kama alhamdu. Wakati wa mapumziko tulikaa ngazini na viazi vya karai, ukwaju unatudondoka vidoleni, tunaulizana. "Arobaini na tatu?" "Tasa." "Thelathini na tisa?" "Tatu mara kumi na tatu. Salama." Ukiingia kwenye jaribio unahesabu yale uliyo na hakika nayo, ukiona yanakupeleka kwenye tasa, unaacha moja wazi makusudi, utue kwenye shufwa. Mwalimu alijua, akacheka kwa pua. Huenda ndio uliokuwa ujanja wake wote tangu mwanzo. Yaniudhi mpaka leo kukiri kwamba mtu yule alinifundisha, na kwamba hadi leo nikipewa nambari yoyote dukani naivunjavunja kabla sijaiandika.

Mutinda ndiye aliyekaa nami dawati moja. Baba yake alikuwa fundi wa reli, wametoka bara, wanakaa nyumba za wafanyakazi upande wa Ganjoni. Mimi nilikuja na mahamri na mbaazi, yeye na muthokoi, mahindi yaliyotwangwa yakapikwa na maharagwe, na siku nyingi tulibadilishana kopo kwa kopo. Yeye ndiye aliyenifunza kwamba nambari ukijumlisha tarakimu zake ukapata tisa, basi tisa inaigawa. Alinionyesha kwa kokoto, ngazini, akarudia mara nne bila kunicheka. Alinizidi hesabu kwa mbali. Nami nilimzidi kwa jambo moja: Mwalimu Badi alikuwa jirani yetu mtaa wa pili, na mamangu alimpelekea futari kila Ramadhani.

Mwezi wa sita Mwalimu akanisimamisha. "Swaleh. Moja ni tasa?" Nikasema ndiyo, moja ni tasa, kwani ndani yake hamna mtu mwingine. Akamsimamisha Mutinda. "Si tasa," Mutinda akasema. "Tasa ina vigawo viwili, yenyewe na moja. Moja ina kimoja tu. Haimo huku wala huku." Mwalimu akafurahi. Na mila ya darasa lile ilikuwa hii: aliyejibu sawa humpiga kofi aliyekosea. Mutinda akanigusa shavu kwa ncha za vidole. Mwalimu akashuka jukwaani, akamzaba Mutinda kofi lililomwangusha juu ya dawati. "Hilo ndilo kofi. Mfunze mwenzio." Mutinda akainuka, akanipiga kwa nguvu zake zote. Sikio langu la kushoto likalia mlio mmoja mrefu, na kupitia mlio ule niliwasikia wakicheka, darasa zima, ndugu zangu wa mtaani mbele.

Mtu mwenye akili angemchukia Mwalimu. Mimi nilimchukia Mutinda. Mwalimu nisingemweza, mkono usioweza kuukata, ubusu, ndivyo tulivyolelewa. Jioni ile nilimvizia Biashara Street, akipita kwenda kwao, nikamrukia kwa nyuma. Nilimpasua mdomo kwa ngumi ya kwanza. Tuliangukia marobota ya vitambaa nje ya duka la Mhindi mmoja, nikamkalia kifuani, nikawa nampiga kichwa kwenye sakafu ya baraza, yeye anasema, "Swaleh, alinilazimisha. Ulimwona. Alinilazimisha." Mwenye duka akatumwagia ndoo ya maji na kututukana mama zetu kwa Kigujarati na Kiswahili. Mutinda akaenda zake shati limelowa damu. Kesho yake akaja akakaa dawatini pale pale pangu, akanisogezea kopo la muthokoi. Sikuligusa, na kwa wiki tatu hatukusemezana.

Sasa sikilizeni mambo ya usahihishaji. Jaribio likiisha, tulibadilishana karatasi na mwenzi wa dawati. Mwalimu alisoma majibu, sisi tukatia alama, tukajumlisha, tukatia sahihi chini. Karatasi humrudia mwenyewe aitazame, kisha inapelekwa mbele. Kama una malalamiko unasimama hapo hapo. Malalamiko yakithibitika, viboko vya mwenzio vinamhamia msahihishaji. Alhamisi ya wiki ya tatu jaribio lilikuwa gumu, mwenye nyingi alipata arobaini. Nilisahihisha karatasi ya Mutinda, nikajumlisha thelathini na nane. Nikajumlisha tena. Thelathini na nane, kigawo kidogo mbili, viboko viwili. Na swali la mwisho kabisa lilikuwa: taja iliyo tasa kati ya moja, mbili na tisa. Alikuwa ameandika mbili. Ndilo jibu. Nilikuwa nimeshalitia alama ya sawa kwa kalamu nyekundu.

Nikaikata. Nilivuta mstari mmoja mdogo juu ya alama ile, ikawa alama ya kosa, nikaandika thelathini na saba, nikatia sahihi yangu. Nisije nikasingizia utoto. Nilijua thelathini na saba ni tasa kama nilivyojua jina langu. Nilichojiambia ni kwamba Mwalimu atafika kumi, kumi na tano, achoke. Zaidi ya kumi na tatu tulikuwa hatujamwona akipiga. Karatasi ikarudi kwa Mutinda. Akaitazama. Nikasubiri asimame. Hakusimama, akaipeleka mbele.

"Thelathini na saba," Mwalimu Badi akasoma, na akainua macho. Kisha akaenda kwenye ndoo. "Hesabu ikiwa na huruma, si hesabu tena," akasema. "Mkono wa kulia. Darasa, hesabuni." Hiyo nayo ilikuwa desturi, sisi wenyewe kuhesabu kwa sauti. Tukahesabu. Hadi kumi tulihesabu kwa kelele za mchezo. Kumi na tano sauti zikapungua. Kumi na tisa kiganja kikapasuka, na damu ikaanza kuruka kila henzerani ilipopanda, nukta nukta kwenye ubao na kwenye shati lile lililopigwa pasi. Ishirini na tatu Mutinda akaanguka magoti. Mwalimu akamshika kifundo cha mkono kwa mkono wake wa kushoto, akamwegemeza mkono juu ya ukingo wa meza, akaendelea. Ishirini na nne, ishirini na tano. Watu wakanyamaza. Mwalimu akageuka akawacharaza wa dawati la mbele usoni, mara moja kila mtu. "Nimesema hesabuni." Henzerani ya kwanza ikapasuka ncha, akachukua ya pili. Kila ilipoteremka iligonga nyama na mbao pamoja, na kwenye thelathini na moja nilisikia kitu kingine, kama mtu anavunja mua. Mutinda alikuwa hapigi kelele tena, anatoa sauti ya chini tu, ya mnyama. Thelathini na nne. Thelathini na tano. Mwishoni tulikuwa tunahesabu watu watatu au wanne, na mmoja wao ni mimi, kwa sauti safi. Niliogopa nikinyamaza nitaulizwa kwa nini.

Baba yake alikuja siku iliyofuata. Nilikuwa nimetumwa chaki, nikawasikia kwenye korido. Alikuwa mtu mkubwa, ovaroli ina grisi, kofia ameishika mkononi. Nilitamani amvunje Mwalimu shingo. Alisema, "Mwalimu, nimeona mkono wa kijana. Najua mwalimu hapigi bure. Nami nimemwongeza nyumbani. Asante kwa kumfundisha." Mwalimu akamwambia amkande kwa maji ya moto na chumvi. Wakamkanda siku nne. Siku ya tano mkono ulipofura hadi kiwiko ndipo wakampeleka hospitali, na mifupa ilikuwa imeshaanza kuunga vile ilivyopenda yenyewe.

Alirudi na plasta, akajifunza kuandika kwa kushoto. Alhamisi yake ya kwanza alikaa muda wote wa jaribio akiandika polepole, maandishi makubwa ya mtoto wa chekechea. Nilipopewa karatasi yake nikaona jibu moja tu. Swali la kumi, sawasawa kabisa. Mengine yote arobaini na tisa yalikuwa wazi. Nikaandika moja. Mwalimu akaisoma, "Moja," akaenda kwenye ndoo kwa mazoea, akatoa henzerani. Kisha akasimama, maji yanamdondokea kiatuni. Moja haina kigawo kingine. Moja haimo huku wala huku. Mutinda alikuwa amesimama mbele yake, mkono wa kushoto ameunyoosha, anamtazama machoni. "Utanipiga ngapi, Mwalimu?" akauliza. Mwalimu Badi akairudisha henzerani ndooni. "Kaa," akasema. Alhamisi ile hakupigwa mtu, na wiki iliyofuata sheria yake ikafa. Akarudi kwenye vitano kwa kila mtu, kama walimu wengine. Mwisho wa mwaka baba yake Mutinda akahamishwa bara, dawati likabaki langu peke yangu.

Kwa miaka yote hii nilijipa moyo kwa jambo moja: hakujua. Aliitazama karatasi haraka, hakujumlisha, alidhani amekosea kweli. Nilimwonea huruma kwa ujinga huo wa dakika moja, na huruma ile ikanisaidia kulala. Mpaka pale kwenye sinia, Mzee Abeid anamsogezea kijiko mgeni, na nyuma yetu mtu anasema tena, "Hakuwahi kumpiga mtu bure."

"Alimpiga," nikasema. Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka, na chumba kikageuka. "Huyu hali kwa kulia kwa sababu mkono ulivunjwa. Marehemu alimpiga viboko thelathini na saba. Na alimpiga kwa ajili yangu mimi. Alikuwa amepata thelathini na nane. Nilimkatia alama moja kwa makusudi." Mzee Abeid akasema, "Swaleh, hapa ni matangani." Nikamwambia najua ni wapi. Nikamgeukia Mutinda. Nilikuwa na maneno ya kuomba radhi, nimeyatengeneza miaka mingi.

"Nilikuwa najua," Mutinda akasema.

Alisema kwa sauti ya kawaida, huku anaitazama nyama. "Nilihesabu kabla sijakupa, na nilihesabu uliponirudishia. Wino wako ulikuwa bado haujakauka."

"Mbona hukusimama?"

"Nisimame nimwambie nini?" Sasa ndipo alipoinua macho. "Wewe mtoto wa hapa, mamako anampelekea futari. Mimi nani? Ningesema Swaleh amenidhulumu, mngesema mtoto wa bara ni mwongo, amelibadilisha jibu karatasi iliporudi, ningepigwa hivyo viboko na vingine juu. Nilipiga hesabu, Swaleh. Thelathini na saba ndiyo iliyokuwa ndogo." Akakisogeza kando kile kijiko. "Nilikuja kuona kama utasema mwenyewe. Ungeninyamazia na leo, ningekula kwa mkono huu wa kushoto mpaka sinia iishe, nirudi stendi."

Hakusema amenisamehe, nami sikumwuliza. Nyuma yetu hakuna aliyemsifu marehemu tena. Mutinda akausogeza ule mkono wa kulia kutoka pajani, akauweka ukingoni mwa sinia, kiganja juu, na katikati yake nikauona ule mshono mweupe, mpana, umepita kutoka upande hadi upande. Siniani kwetu mwenyeji ndiye humkatia mgeni nyama.

"Nyama ngumu hii, Swaleh," akasema. "Nimegee."

Nikammegea.